Samaki wa kufuga pamoja katika kidimbwi kidogo: Mwongozo kwa wakulima wa Kisii na Nyamira

KIDIMBWI kilichojaa samaki si lazima kiwe kidimbwi chenye mavuno. Wakulima wengi wa Gusii wamelijua hilo kwa hasara. Hulisha samaki mwaka mzima, huvuta wavu siku ya mavuno, na hukuta mamia ya ngege wasiozidi ukubwa wa kiganja cha mtoto. Chakula kimekwisha, fedha zimekwisha, na soko halimtaki samaki wa kiasi hicho.

Mara nyingi kosa halikuwa katika chakula wala katika bidii ya mkulima. Lilifanyika siku ya kwanza, pale alipochagua ni samaki gani watakaoishi pamoja katika maji hayo, kwa idadi gani na kwa ukubwa gani. Katika eneo ambalo ardhi ni haba, kosa kama hilo lina gharama kubwa. Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira 605,576 katika sensa ya mwaka 2019, na huko Kisii kila kilomita mraba ilibeba zaidi ya watu 900. Kipande cha shamba kilichochimbwa kidimbwi ni kipande kilichonyimwa migomba, majani ya ng'ombe au mboga. Sharti kilipe.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuchagua samaki wa kufugwa pamoja katika kidimbwi kidogo cha nyumbani, kwa kuzingatia hali ya hewa, maji na soko la nyanda za Gusii.

Vidimbwi vilikotoka

Ufugaji wa samaki si jambo geni magharibi mwa Kenya, lakini ulipata msukumo mkubwa mwaka 2009, serikali ilipoanzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi. Katika awamu ya kwanza, maeneobunge 140 nchini yalipangiwa vidimbwi 200 kila moja. Kidimbwi cha kawaida kilikuwa na eneo la mita mraba 300 na kilipandwa vifaranga wapatao 1,000. Nyanda za Gusii zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofaidi mpango huo.

Msaada ulipokoma, vidimbwi vingi nchini viliachwa. Baadhi vilikauka, vingine vikamea magugu. Sababu zilikuwa nyingi: bei ya chakula, uhaba wa vifaranga bora, wizi, ndege na ukosefu wa soko. Hata hivyo, sababu moja haikuzungumzwa sana, nayo ni kuzaana kupita kiasi kwa ngege waliofugwa peke yao, waume kwa wake.

Tangu wakati huo juhudi nyingine zimefuata. Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI) ina kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki huko Kegati, Kaunti ya Kisii. Aidha, mwaka 2018 ulianza mpango wa kitaifa wa kukuza biashara ya ufugaji wa samaki unaofadhiliwa pamoja na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD), na Kisii ni mojawapo ya kaunti zilizoteuliwa. Mkulima wa leo basi hana budi kuuliza maswali ambayo wa mwaka 2009 hakupata nafasi ya kuyauliza.

Swali la kwanza: Maji yana joto kiasi gani?

Kabla ya kumchagua samaki, mkulima ayajue maji yake. Samaki hana joto lake mwenyewe mwilini. Joto la maji ndilo joto lake. Maji yakiwa baridi hali vizuri, na asipokula hakui.

Ngege hukua vyema katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Yakishuka chini ya nyuzi 20, ukuaji wake hupungua sana na uzazi hufifia. Yakishuka kuelekea nyuzi 12, uhai wake umo hatarini. Kambare naye hupenda joto la kiasi hicho hicho.

Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kaunti ya Nyamira huanzia mita 1,250 hivi katika sehemu za chini na kufikia mita 2,100 katika vilele vyake. Tofauti hiyo si ndogo. Mkulima wa nyanda za chini kuelekea Ziwa Victoria anaweza kuvuna ngege wa kuuzika baada ya miezi sita hadi minane. Wa milimani, penye mashamba ya majanichai, huenda akahitaji miezi tisa hadi kumi na miwili kwa samaki yule yule na chakula kile kile. Asiyejua hilo hudhani vifaranga wake walikuwa wabovu, akawavuna mapema kwa hasara.

Njia ya kulitambua ni rahisi. Anunue kipimajoto, akitumbukize kwenye maji alfajiri na tena alasiri, kwa siku kadhaa, akiandika anachokiona. Kidimbwi kinachofikia nyuzi 23 au 24 mchana kinafaa kwa ngege, mradi mkulima awe na subira. Kile kisichovuka nyuzi 20 hata jua linapowaka kinahitaji kusaidiwa kwanza. Kiwekwe mahali pasipo na kivuli cha miti, na maji ya mto yasiachwe yakapita ndani yake mchana kutwa. Mkondo wa daima hupoza maji na huondoa ule ukijani ambao ni chakula cha bure cha ngege. Maji yaingizwe tu kufidia yaliyopungua, au samaki wanapokosa hewa.

Jambo la pili ni uchachu wa udongo. Mahali panapositawi majanichai, udongo kwa kawaida ni wenye asidi. Maji yaliyo juu ya udongo huo hukataa kugeuka kijani hata yakitiwa samadi. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, inayonyunyizwa sakafuni na kwenye kuta kabla ya kujaza maji. Kiasi chake hutegemea kipimo cha udongo, kwa hiyo afisa wa uvuvi wa wadi aulizwe.

Ngege: Mlimwengu wa kidimbwi

Samaki mkuu wa vidimbwi vya Gusii ni yule ambaye wavuvi wa ziwani humwita nyamami na wauzaji wengi humwita ngege au tilapia. Wanasayansi humwita Oreochromis niloticus. Ana sifa nyingi njema. Hula mimea midogo ya majini, hustahimili maji yasiyo safi sana, nyama yake hupendwa, na ana magamba, jambo ambalo umuhimu wake sokoni utaelezwa baadaye.

Kasoro yake ni moja, nayo ni uzazi. Jike huweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hadi mitano tu, akiwa bado mdogo kuliko samaki wa kuuzwa. Huyabeba mayai na watoto kinywani mwake, hivyo wengi huokoka. Maji yakiwa na joto la kutosha, hurudia kuzaa kila baada ya wiki nne hadi sita. Jike anayebeba mayai hali, na asiyekula hanenepi.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, lakini inaonyesha chanzo cha hasara. Tuseme kidimbwi kinaweza kubeba kilo 200 za samaki kwa chakula na hewa kilicho nacho. Samaki hao wakiwa 800, kila mmoja atakuwa na gramu 250, yaani samaki wa sahani. Wakizaana wakawa 4,000, kilo ni zile zile 200, lakini kila mmoja atakuwa na gramu 50. Mizani haikubadilika, ila kitu cha kuuza hakipo.

Kuna njia tatu za kuuzuia msiba huo. Ya kwanza ni kununua vifaranga waume watupu, ambao vituo vya uzalishaji huwatayarisha kwa kuwapa homoni katika wiki zao za mwanzo. Madume hukua haraka kuliko majike. Ya pili ni kuwatenganisha kwa mkono wanapofikia gramu 20 hadi 30. Dume ana matundu mawili chini ya tumbo karibu na mkia. Jike ana matatu. Kazi hii yahitaji jicho zuri, na makosa machache huharibu kazi yote. Ya tatu ni kumpa ngege mwenzake wa kumla watoto. Mwenzake huyo ni kambare.

Hata mkulima aliyenunua madume watupu hafai kuidharau njia ya tatu. Mara nyingi majike wachache hupenya katika kundi, na wengine huingia na maji ya mto ikiwa mfereji hauna chujio.

Kambare: Mlinzi asiyefaa kuwa wengi

Kambare wa Afrika ndiye mumi wa wavuvi wa Nyanza. Ana kiungo maalum kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, hivyo hustahimili kidimbwi kilichopungukiwa hewa. Hula karibu kila kitu: wadudu, minyoo, mabaki ya chakula na samaki wadogo. Kwa kawaida hazai ovyo katika maji yaliyotulia, kwa sababu husubiri mafuriko ya mvua ndipo atage. Kwa hiyo mkulima akitia kambare 50, hatarajii kukuta 5,000.

Sifa hizo humfanya awe mwenzi mwafaka wa ngege. Ngege hula karibu na juu na katikati ya maji; kambare hutafuta chini. Watoto wa ngege wanaozaliwa huwa chakula chake, na takataka ambayo ingerundikana hugeuka nyama.

Lakini hapa ndipo wengi hukosea. Kanuni moja inatawala uchaguzi wote wa samaki wa kuishi pamoja: samaki hutazama kinywa chake, wala hatazami undugu. Chochote kinachoingia kinywani ni chakula. Kambare aliyetiwa akiwa mkubwa kuliko vifaranga wa ngege hatakula watoto tu, atawala wale wale walionunuliwa. Mkulima huona maji yametulia, akadhani mambo ni shwari, kumbe kidimbwi kinapungua usiku baada ya usiku.

Kwa hivyo mambo matatu yazingatiwe.

Kwanza, ukubwa. Kifaranga wa kambare awe mdogo kuliko kifaranga wa ngege siku anapotiwa, au asizidi ukubwa wake.

Pili, wakati. Ngege watangulie. Kambare waingie wiki kadhaa baadaye, ngege wakiwa wamekwisha kuvuka ukubwa wa kumezwa na wanakaribia umri wa kuzaa.

Tatu, idadi. Kiwango kinachotumiwa sana katika ufugaji wa mchanganyiko ni kambare mmoja kwa ngege kumi hadi 20. Katika kidimbwi cha mita mraba 300, ngege wawili hadi watatu kwa kila mita mraba ni 600 hadi 900. Mwenye ngege 900 basi atatia kambare 45 hadi 90. Kwenye sehemu za baridi za Nyamira, ambako ngege hazai kwa kasi, kiwango cha chini kinatosha. Sehemu za joto zaidi kuelekea mpaka wa Migori na Homa Bay, kiwango cha juu kina maana.

Kambare nao hulana wenyewe kwa wenyewe wakitofautiana ukubwa. Wachaguliwe wanaolingana. Isitoshe, katika usiku wa mvua kubwa huweza kujiburuta nje ya maji, hivyo kingo za kidimbwi ziinuliwe na pawekwe ua wa wavu mfupi.

Wasiofaa kuingizwa

Wapo samaki ambao mkulima hushawishika kuwajaribu, na ni vyema akajua mapema kwa nini hawafai.

Mbuta hafai kabisa katika kidimbwi kidogo. Ni mlaji wa samaki wenzake, huhitaji hewa nyingi majini, na hukua kupita nafasi iliyopo.

Trauti ni samaki wa maji baridi aliyeletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na kuzoea mito ya Aberdare na Mlima Kenya. Mkulima wa milimani huweza kujiuliza kwa nini asimfuge. Jibu ni kwamba trauti hutaka maji baridi, safi na yanayotiririka daima, ilhali ngege hutaka maji vuguvugu yaliyotulia na yenye ukijani. Hakuna kidimbwi kimoja kinachoweza kuwaridhisha wote wawili.

Samaki wa mtoni walionaswa kwa ndoana au kikapu nao wasitiwe bila kujulikana. Huweza kuingiza magonjwa, na wengine ni wala watoto na chakula bila faida. Hata hivyo, si wa kudharauliwa wote. Ningu na fwani ni samaki asilia wa mito inayoingia Ziwa Victoria. Ningu hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga, na uvuvi wake ulianguka katikati ya karne iliyopita kutokana na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito. Watafiti wamekuwa wakichunguza uwezekano wa kuwafuga samaki kama hao. Mkulima anayewataka awapate kutoka kituo kinachotambuliwa, wala si kwa kuwavua wazazi wanaopanda kutaga.

Funzo la ziwa na uduvi wake

Anayedhani kwamba kuchanganya samaki ni jambo dogo na atazame Ziwa Victoria. Mbuta alitiwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa miaka mingi hapakuonekana mabadiliko makubwa. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameenea, na fulu, wale samaki wadogo waliokuwa na spishi zaidi ya 300, walikuwa wamepungua vibaya, nyingi za spishi hizo zikihofiwa kutoweka. Ngege asilia wa ziwa hilo, ambaye si huyu wa vidimbwini, naye alipungua kwa uvuvi na kwa kushindana na nyamami, aliyeletwa katika miaka ile ile ya 1950. Leo hupatikana zaidi katika maziwa madogo ya kando, kama Kanyaboli huko Siaya.

Lakini kuna kiumbe mmoja aliyenufaika. Ni uduvi mdogo wa maji baridi ambaye wakazi wa Nyanza humwita ochonga, na wanasayansi Caridina nilotica. Fulu walipopungua, uduvi huyu aliongezeka sana, akawa chakula kikuu cha mbuta wachanga. Leo ochonga hukaushwa na kusagwa, akachanganywa katika chakula cha samaki wa kufugwa. Hivyo mkulima wa Keroka au Ogembo anaweza kuwa anawalisha ngege wake uduvi huyo bila kumjua.

Wapo wanaouliza kama ochonga anaweza kufugwa pamoja na ngege kidimbwini ili awe chakula cha daima. Kanuni ya kinywa inajibu. Uduvi ambaye urefu wake wote ni sentimita mbili au tatu hana pa kujificha mbele ya ngege mia tisa na kambare hamsini. Ataliwa kabla hajazaa. Akihitajika, afugwe peke yake katika shimo dogo lenye majani mengi ya majini, kisha avunwe kulishia.

Kanuni hiyo ndiyo inayofaa hata kwa hodhi la kioo la sebuleni au la darasa la sayansi. Anayetaka kuwaweka uduvi wadogo pamoja na samaki katika hodhi la lita 40 au 60 achague samaki mwenye kinywa kidogo na tabia ya upole, asiyezidi sentimita tatu au nne akiwa mzima. Kifaranga wa ngege au fulu hafai, hata akiwa mdogo siku anaponunuliwa, maana atakua na kuugeukia uduvi. Kuwe na majani mengi na vijiwe, kwa sababu hata samaki mpole humeza mtoto wa uduvi anayeonekana wazi. Uduvi watangulie, wazoee na kuzaa, ndipo samaki wachache waletwe. Asiyetaka kumpoteza hata mtoto mmoja wa uduvi asitie samaki yeyote. Shaba ni sumu kwa uduvi, kwa hiyo dawa za samaki zenye madini hayo zisitumiwe katika hodhi lao.

Soko na meza

Samaki wa kufugwa hatimaye ni wa kuliwa, na mla ana desturi zake. Kanisa la Waadventista Wasabato lina wafuasi wengi Kisii na Nyamira, na wengi wao hawali samaki wasio na magamba kwa kufuata sheria ya vyakula iliyomo katika kitabu cha Mambo ya Walawi. Kambare hana magamba. Hilo halimzuii mkulima kumtumia kama mlinzi wa kidimbwi, lakini linamwonya asimfanye kuwa zao kuu kabla ya kumjua mnunuzi.

Mkulima azungumze kwanza na majirani, hoteli za mji, shule na wauzaji wa soko. Aulize wanataka samaki wa gramu ngapi, mbichi au wa kukaangwa, na siku gani. Akipata wanunuzi wa kambare, vyema. Akikosa, kambare 45 wa mlinzi si mzigo, ila kambare 500 wasio na mnunuzi ni hasara, kwa kuwa chakula chao huhitaji protini nyingi kuliko cha ngege na hivyo ni ghali zaidi.

Ufuatiliaji na tahadhari

Uchaguzi mzuri hauondoi haja ya kutazama. Kila mwezi mkulima avute wavu mdogo, apime samaki wachache na kuandika uzito wao. Akiona ngege wakubwa bila watoto wengi, mlinzi anafanya kazi. Akiona makundi ya watoto yakielea kando ya maji, kambare ni wachache au ni wadogo mno. Akiona ngege wachache kuliko alivyotia na kambare walionenepa kupindukia, awatoe kambare wakubwa na kuwauza.

Rangi ya maji ipimwe kwa mkono. Mkono uingizwe majini hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni maji yanapokaribia kiwiko, ukijani unatosha. Kikionekana vizuri, maji yanahitaji samadi. Kikipotea mapema sana, samadi ipunguzwe. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, chakula na samadi visimamishwe na maji mapya yaingizwe. Ikumbukwe kwamba kambare si kipimo cha hewa, maana yeye atakuwa mzima hata ngege wakifa.

Ndege kama mdiria na korongo, pamoja na fisi maji, huvuna bila kualikwa. Wavu au nyuzi zilizotandazwa juu ya kidimbwi hupunguza hasara hiyo.

Tahadhari ya mwisho inawahusu jirani na vizazi vijavyo. Vidimbwi vingi vya Gusii vimechimbwa mabondeni, karibu na vijito vinavyomimina maji katika Kuja na Sondu, na mito hiyo huishia Ziwa Victoria. Mafuriko yakivunja ukingo, samaki wa mkulima huwa samaki wa mto. Ndiyo sababu Kenya hudhibiti uingizaji wa samaki wageni, na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016 ndiyo msingi wa udhibiti huo. Mkulima asilete aina mpya kutoka nje bila idhini, na aliyechoka na samaki wa hodhi la kioo asiwamwage mtoni. Mifereji ya kuingiza na kutoa maji iwe na chujio la wavu wa matundu madogo, na kidimbwi kijengwe juu ya kiwango cha mafuriko.

Kwa muhtasari

Mkulima mwenye kidimbwi kimoja na fedha kidogo afuate utaratibu huu. Apime joto na uchachu wa maji kabla ya kununua chochote. Achague ngege kama zao kuu, madume ikiwezekana, kutoka kituo kinachoaminika. Atie wawili hadi watatu kwa kila mita mraba, wala asizidishe kwa tamaa. Baada ya wiki kadhaa, alete kambare wachache walio wadogo kuliko ngege. Apime kila mwezi, auze kwa ukubwa ambao soko linautaka, kisha akaushe kidimbwi kabla ya kuanza upya, ili asibaki hata kambare mmoja wa zamani matopeni.

Hilo la mwisho lisipuuzwe. Kambare mmoja aliyejificha kwenye tope na kukua ndiye atakayewapokea vifaranga wapya siku ya kwanza, naye hatakuwa mlinzi tena. Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba, na kidimbwini kinga huanzia kwa yule unayemruhusu kuingia.